Kadi ya Sauti ya USB: Inachotibu na Isichotibu



Nimeombwa nizungumzie kifaa kidogo ambacho siku hizi hakikosekani katika maduka ya vifaa vya kompyuta na simu, hapa Tanga mjini na hata nje ya mji: kadi ya sauti ya nje, ile inayochomekwa kwenye tundu la USB la kompyuta. Wauzaji wengi humwambia mteja kwamba kifaa hiki kinaifanya sauti ya kompyuta iwe nzuri. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini ukweli huo una mipaka, na fedha za mnunuzi hupotea pale mipaka hiyo inaponyamaziwa.

Ndani ya kompyuta, wimbo ni tarakimu tupu. Katika diski ya CD, kila sekunde moja ya muziki imehifadhiwa kwa vipimo 44,100 upande wa kushoto, na vingine kama hivyo upande wa kulia. Sikio halisikii tarakimu. Lazima zigeuzwe kwanza kuwa umeme unaopanda na kushuka, ndipo umeme huo uitikise spika. Kugeuza huko ndiko kazi ya kadi ya sauti. Kila kompyuta unayoinunua dukani ina yake ndani, lakini imebanwa katika bodi moja na feni, diski na vipande vingine vinavyowaka na kuzima bila kupumzika. Umeme wa jirani hao huweza kuvujia kwenye njia ya sauti, nasi tukausikia kama mchakacho mwembamba unaobadilika kila tunaposogeza kipanya. Kadi ya nje inafanya kazi ile ile, ila iko mbali na fujo hiyo.

Sisi watu wa pwani tuna sababu ya ziada. Hewa ya chumvi na unyevunyevu hula vyuma vilivyomo ndani ya tundu la hedifoni. Utajua kutu imeingia pale sauti inapokatika upande mmoja na kurudi ukizungusha pini kidogo. Tundu hilo likifa kabisa, fundi hana budi kuifungua mashine nzima, na katika kompyuta mpakato nyingi tundu lenyewe limechomelewa kwenye bodi kuu. Kadi ndogo ya USB inakuepusha na gharama hiyo yote. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu nzuri kuliko zote ya kuinunua, ingawa sijaona boksi lililoiandika.

Kabla ya kutoa fedha, fanyeni jaribio lisilogharimu kitu. Chukua wimbo mmoja na hedifoni moja. Usikilize kwenye kompyuta, kisha kwenye simu yenye tundu la hedifoni. Ikiwa simu inatoa sauti safi na kompyuta inachakacha, ugonjwa uko kwenye kompyuta, na kadi ya nje huenda ikautibu. Ikiwa zote mbili zinatoa sauti mbovu, basi hedifoni ni mbovu, au wimbo wenyewe umebanwa mno ili faili iwe ndogo. Hapo kadi haitakusaidia hata ikiwa ya bei ya juu. Vivyo hivyo kwa mwanafunzi anayesoma kwa mtandao na kumsikia mwalimu akikatikakatika: tatizo hilo mara nyingi ni la intaneti, si la kadi.

Jaribio la pili linawahusu wenye kuunganisha kompyuta na amplifaya, kama wapigaji muziki wa harusi na wahudumu wa vipaza sauti misikitini na makanisani. Mkisikia mvumo mzito usiokoma, chomoeni chaja ya kompyuta. Mvumo ukinyamaza, chanzo chake ni njia za umeme na waya wa ardhi, na kadi ya USB yaweza isiuondoe, kwa kuwa nayo inapokea umeme kutoka kompyuta ile ile. Chomekeni kompyuta na amplifaya kwenye ubao mmoja wa soketi, au tumieni betri ya kompyuta wakati wa shughuli. Wapo mafundi wanaokata waya wa ardhi ili mvumo uishe. Msikubali hata kidogo. Waya ule umewekwa kulinda uhai wa mtu anayeshika kipaza sauti.

Sasa nije kwenye maandishi ya boksi. Kadi nyingi za bei ya chini zimeandikwa kwa herufi kubwa "7.1". Maana ya alama hiyo ni njia nane za sauti, za spika saba za kawaida na moja ya besi. Lakini ukikitazama kifaa chenyewe, utaona tundu moja la hedifoni na moja la maikrofoni. Tundu moja la hedifoni hutoa njia mbili tu, kushoto na kulia. Zilizobaki zinaigizwa na programu. Wengine hushindania tarakimu kubwa za vipimo, kama 192,000 kwa sekunde, ilhali vipimo 44,100 vya CD tayari vinafikia ukomo wa sikio la binadamu, ambao ni mitetemo ipatayo 20,000 kwa sekunde. Msilipie tarakimu msizoweza kuzisikia.

Jambo ambalo hasa limenileta hapa ni kaseti. Tanga ni mji wa taarabu. Vikundi vya Black Star na Lucky Star vilizaliwa hapa, na sauti ya marehemu Shakila binti Said, aliyefariki mwaka 2016, ilifika mbali sana ikitokea huku. Nyimbo mashuhuri zimeshahifadhiwa na wenye rekodi. Lakini majumbani mwetu mna kaseti za namna nyingine: taarabu iliyorekodiwa ukumbini usiku wa harusi, maulidi ya mtaani, sauti ya babu akisimulia ukoo. Hizo hazina nakala popote. Unyevunyevu wa pwani huotesha ukungu juu ya utepe, na utepe uliozeeka unaweza kukatika siku hiyo hiyo unayouchezesha. Pengine mtapata nafasi moja tu ya kuunakili.

Na hapa ndipo kadi ndogo isiyofaa inapoleta hasara isiyolipika. Tundu la maikrofoni limetengenezwa kwa ajili ya umeme dhaifu sana utokao kwenye kipaza sauti. Umeme utokao nyuma ya deki ya kaseti waweza kuwa na nguvu mara mia ya huo. Ukiuingiza kwenye tundu la maikrofoni, sauti hupasuka na kukwaruza, nawe huwezi kuirekebisha baadaye. Zaidi ya hayo, tundu la maikrofoni katika kadi nyingi za bei ndogo lina njia moja tu, hivyo kushoto na kulia huchanganywa, au upande mmoja hupotea kabisa. Anayetaka kunakili kaseti anunue kadi yenye tundu la kuingizia sauti la njia mbili, ambalo kwenye kifaa huandikwa "LINE IN". Akimuuliza muuzaji naye akajibu kwamba matundu yote ni sawa, na atafute duka jingine. Mwenye santuri za zamani azingatie pia kwamba umeme wa sindano ya santuri ni dhaifu na unahitaji kikuzio chake maalumu kabla ya kufika kwenye kadi.

Kabla ya kurekodi, safisheni kichwa cha deki kwa pamba yenye spiriti. Jaribuni kwanza kwa kaseti isiyo na thamani mpaka kiwango cha sauti kikae sawa, kisha ndipo muweke ile ya babu. Programu ya Audacity inapatikana bure na inatosha. Kaseti ya dakika 60 ikihifadhiwa kwa kiwango cha CD bila kubanwa hujaza megabaiti zipatazo 600, kwa hiyo andaeni nafasi mapema, na nakala ya pili iwekwe nyumba nyingine.

Dukani, ombeni kifaa kichomekwe mbele yenu. Kadi nyingi za kawaida hutambuliwa na kompyuta bila programu ya ziada, kwa sababu hufuata kanuni moja ya sauti ya USB iliyotolewa mwaka 1998. Ukiambiwa ushushe programu kutoka kwenye tovuti usiyoijua ili kadi ya kawaida ifanye kazi, kuwa na shaka. Mkifika nyumbani msikose kuichagua kadi mpya katika mipangilio ya sauti. Kifaa kizima kimewahi kudhaniwa kibovu kwa sababu kompyuta ilikuwa bado inatumia kadi yake ya ndani. Jihadharini pia na vile viwaya vifupi vya simu vinavyogeuza tundu la USB-C kuwa la hedifoni. Kwa macho vinafanana, lakini vingine vina kadi ya sauti ndani na vingine ni waya mtupu, usiofanya kazi kwenye simu na kompyuta nyingi.

Daini risiti ya EFD, na mwombeni muuzaji aandike juu yake jina la kifaa pamoja na sifa iliyowafanya mkinunue, kwa mfano "kadi ya USB yenye LINE IN ya njia mbili". Maneno hayo machache yana uzito. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu aina na ubora wa bidhaa. Kile kibao cha "mali ikishauzwa hairudishwi" hakifuti haki ya mtu aliyepewa kitu kisicholingana na maelezo aliyopewa.

Rudini kwanza kwa muuzaji, kwa upole. Wengi wao nao walidanganywa na boksi. Akikataa, malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani. Ukienda, chukua risiti, boksi na kadi yenyewe, bila kuifungua wala kumpa fundi aichokonoe. Kama umejaribu kurekodi, chukua pia dakika moja ya hiyo sauti iliyopasuka.