Daraja la Le Veurdre na Nafasi Iliyoachwa Kileleni



Katikati ya Ufaransa, kando ya mto Allier, kipo kijiji kiitwacho Le Veurdre. Mapema katika miaka ya 1910 mhandisi kijana, Eugène Freyssinet, alijenga hapo daraja la barabara lenye matao matatu ya zege, kila tao likivuka mita zipatazo 70. Matao hayo yalikuwa membamba, na gharama yake ilikuwa nafuu.

Daraja lilijaribiwa kwa mizigo, likasimama imara. Lakini miezi michache baadaye Freyssinet aliona kwamba kingo za daraja, zilizokuwa zimenyooka, zimeanza kubonyea katikati ya kila tao. Elimu ya wakati ule ilifundisha kwamba zege likishakauka halibadiliki tena. Kumbe zege lililobeba mzigo huendelea kujibana polepole, miezi hata miaka. Tao likishuka kupita kiasi, huanguka.

Kilichookoa daraja ni kwamba Freyssinet alikuwa ameacha nafasi za kutia jeki kileleni pa matao. Usiku, pamoja na mafundi wachache, alizirudisha jeki mahali pake. Nusu mbili za kila tao zikasukumwa, zikaachana kidogo, na tao likainuka. Kisha nafasi ikajazwa zege, na mashaka yakakoma.

Hofu ya usiku ule ikazaa elimu. Freyssinet aliendelea kuchunguza tabia ya zege, na mwaka 1928 akapata haki ya uvumbuzi wa zege linalobanwa tangu mwanzo kwa vyuma vilivyovutwa. Njia yake ya jeki ilivuka bahari, ikatumiwa katika matao saba ya daraja la mto Rogue, Oregon, Marekani, lililofunguliwa mwaka 1932. Daraja la Le Veurdre lenyewe liliharibiwa katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Ndugu yake wa Boutiron, juu ya mto huohuo, angali amesimama.

Wapendwa, wengi hudhani kazi imekwisha siku utepe unapokatwa. Daraja lile lilianza kushuka baada ya sherehe, kimya kimya, wala hakuna aliyesikia mlio. Basi ajengaye kwa ajili ya wajukuu na aache mahali pa kurekebisha. Naye apokeaye urithi wa miaka mia moja asichoke kurudi kutazama kingo.