Mwendo wa Kasi na Ujasiri wa Kusimama

(Yafuatayo ni maelezo kamili ya mazungumzo kwa watumishi wa serikali na walimu kuhusu safari ya treni ya kasi nchini Japani.)



Wako watu ambao huipima treni ya kasi kwa saa ya mkononi tu. Huuliza inakwenda kilometa ngapi kwa saa, na wakishajibiwa hutikisa kichwa kwa mshangao, mazungumzo yakaishia hapo. Kipimo hicho si cha uongo, lakini hakitoshi. Treni inayokwenda kilometa 300 kwa saa ni matunda ya jasho la maelfu ya wafanyakazi ambao abiria hawaoni kamwe. Namna wafanyakazi hao wanavyoongozwa, wanavyosikilizwa na wanavyoachiwa kusema ukweli ndiyo inayoamua kama abiria huyo atafika salama. Kwa hiyo basi, safari ya kutoka Tokyo hadi stesheni ya Hakata, katika mji wa Fukuoka, ni somo la uongozi kama ilivyo somo la mitambo.

SAFARI YENYEWE

Reli ya kasi kati ya Tokyo na Hakata ina urefu wa kilometa 1,069. Treni ya usiku iliyoitwa Asakaze, iliyoanza kazi mwaka 1956, ilichukua saa zipatazo 17 kuunganisha miji hiyo kwa reli ya zamani. Leo treni iitwayo Nozomi huimaliza safari hiyo kwa muda usiotimia saa tano. Abiria anayeondoka Tokyo saa mbili asubuhi hufika Hakata kwa chakula cha mchana.

Utaratibu huanzia jukwaani. Chini kumechorwa alama zinazoonyesha kila mlango wa behewa utasimama wapi, na wasafiri hupanga foleni nyuma ya alama hizo bila kuamriwa na askari. Treni ina mabehewa 16 na viti zaidi ya 1,300, vitatu upande mmoja wa njia na viwili upande wa pili. Wengi hupanda na sanduku dogo la chakula lililonunuliwa stesheni, lenye wali, samaki na mboga. Na kufanya hivyo ni busara, kwa sababu tangu mwisho wa Oktoba 2023 wauzaji wenye vigari vya vyakula hawapiti tena katika mabehewa ya kawaida kati ya Tokyo na Shin-Osaka. Kondakta anapomaliza kupita behewani hugeuka mlangoni, akawainamia abiria kwa heshima, ndipo akatoka.

Kama hakuna mawingu, Mlima Fuji huonekana upande wa kulia. Baadaye treni hukata maji ya Ziwa Hamana, ikapita Nagoya, kisha ikaingia Sekigahara, mahali ambapo theluji ya majira ya baridi imewasumbua wahandisi tangu mwanzo. Hapo mabomba hunyunyiza maji juu ya njia ili theluji isirushwe ikavunja vyombo vilivyo chini ya mabehewa, na theluji inapozidi treni hupunguza mwendo. Baada ya Kyoto ni Shin-Osaka, ambapo shirika moja la reli huikabidhi treni kwa shirika jingine na wafanyakazi hubadilishana. Kuanzia hapo mwendo hupanda kutoka kilometa 285 hadi 300 kwa saa, na mahandaki huwa mengi. Shin-Kobe ni stesheni iliyobanwa katikati ya mahandaki mawili. Hufuata Himeji, Okayama na Hiroshima. Na hatimaye treni huzama katika handaki la kilometa 18.7 lipitalo chini ya mlango wa bahari wa Kanmon, ikaibukia kisiwa cha Kyushu.

Haifai kusifu bila kutaja bei. Nauli ya safari hiyo, kwenda tu, inazidi yen 20,000. Wapo Wajapani ambao kwa sababu hiyo husafiri kwa mabasi ya usiku.

KAZI ISIYOONEKANA

Sehemu ya kwanza ya reli hii, kutoka Tokyo hadi Osaka, ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1964, siku chache kabla ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo. Treni zake zilikwenda kilometa 210 kwa saa. Siri yake ya kwanza ilikuwa njia yenyewe. Reli za zamani za Japani zilikuwa na upana wa milimita 1,067, zikiwa na kona nyingi na makutano mengi na barabara za magari. Wahandisi hawakujaribu kulazimisha kasi mpya juu ya njia ya zamani. Walijenga njia ya peke yake, yenye upana wa milimita 1,435, isiyokatwa na barabara hata mahali pamoja.

Siri ya pili ni kwamba hakuna kilichoachiwa bahati. Kwa kasi ile jicho la mwanadamu haliwezi kuzisoma taa za ishara kando ya reli. Kwa hiyo ishara huletwa mbele ya dereva ndani ya chumba chake, na kama mwendo umezidi, mitambo hufunga breki yenyewe. Hata hivyo dereva hakugeuzwa kuwa mtazamaji. Kila anapotazama chombo hukionyesha kwa kidole na kutamka kwa sauti alichokiona, hata akiwa peke yake. Mgeni anaweza kucheka. Lakini mkono na mdomo vikishirikiana na jicho, akili haipati nafasi ya kusinzia.

Siri ya tatu hufanyika usiku. Kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi hakuna treni ya abiria inayopita. Saa hizo sita ni mali ya mafundi, ambao hukagua reli, hukaza vifungo na kupima nyaya. Kwa miaka mingi walisaidiwa na treni maalumu ya rangi ya manjano, iliyopita kila baada ya siku kumi hivi ikipima njia na nyaya kwa kasi kamili. Moja ya treni hizo ilistaafishwa Januari 2025. Nchi ile ina matetemeko, na kwa sababu hiyo vipo vipimo vinavyokata umeme na kufunga breki mara ardhi inapoanza kutikisika. Tarehe 11 Machi 2011, lilipotokea tetemeko kubwa la kaskazini-mashariki, hakuna treni ya kasi yenye abiria iliyoacha reli.

Matokeo ya kazi hiyo yote ni kwamba tangu mwaka 1964 hakuna abiria wa treni hizi aliyekufa kwa sababu ya treni kuacha njia au kugongana.

GHARAMA NA DENI

Hata hivyo historia ya reli hii si ya sifa tupu. Rais wa Shirika la Reli la Taifa wakati huo, Sogo Shinji, na mhandisi mkuu wake, Shima Hideo, waliupeleka mradi bungeni kwa makadirio ya chini kuliko walivyojua wenyewe, wakihofu kwamba hesabu ya kweli ingekataliwa. Japani iliomba pia mkopo wa dola milioni 80 kutoka Benki ya Dunia, ukatiwa saini mwaka 1961. Mwishowe gharama zilikaribia mara mbili ya makadirio, zikafikia yen bilioni 380. Mwaka 1963 wote wawili waliacha kazi. Siku ya ufunguzi, watu hao walioizaa treni hawakualikwa kwenye sherehe. Leo sanamu ya uso wa Sogo imo katika jukwaa la stesheni ya Tokyo, na mkopo wa Benki ya Dunia ulimalizwa kulipwa mwaka 1981. Lakini swali lao halijafa: je, kiongozi anaweza kuficha hesabu kwa kuwa anaamini kazi yake ni njema? Reli ilifaulu, ni kweli. Lakini kufaulu kwa reli hakubadili ukweli kwamba wananchi walifichwa bei.

Wananchi hao walikuwa na neno lao pia. Mjini Nagoya watu waliokaa kando ya njia walichoshwa na kelele na mtikisiko wa treni zilizopita tangu alfajiri hadi usiku. Mwaka 1974 walifungua kesi. Mwaka uliofuata serikali iliweka kipimo cha kelele cha desibeli 70 kwa maeneo ya makazi, na kesi ikamalizika kwa mapatano mwaka 1986. Wahandisi walilazimika kujenga kuta za kuzuia sauti na kubuni treni zenye pua ndefu zinazopasua hewa kwa utulivu zaidi. Maana yake ni kwamba sehemu ya maendeleo ya treni hii iliandikwa na walalamikaji.

Wala treni nzuri haikuliokoa shirika lililoimiliki. Madeni yalirundikana, na tarehe 1 Aprili 1987 Shirika la Reli la Taifa lilivunjwa na kugawanywa katika makampuni, likiacha deni la yen trilioni 37 hivi.

NANI ASIMAMISHE TRENI?

Ndugu, sasa twende kwenye kiini cha jambo. Duniani kote Japani husifiwa kwa kutunza wakati. Lakini wakati unaweza kutunzwa kwa njia mbili: kwa maandalizi, au kwa hofu. Japani yenyewe imeziona zote mbili.

Tarehe 25 Aprili 2005, huko Amagasaki karibu na Osaka, treni ya kawaida ya mjini, si ya kasi, ilikuwa imechelewa kwa muda usiotimia dakika moja na nusu. Dereva wake, kijana wa miaka 23, alikuwa ameipitiliza stesheni iliyotangulia. Aliingia katika kona iliyoruhusu kilometa 70 kwa saa akiwa na kilometa 116. Treni iliacha reli ikagonga jengo la makazi. Abiria 106 walikufa, na dereva pamoja nao. Uchunguzi ulionyesha kwamba katika kampuni hiyo madereva waliofanya makosa walipelekwa kwenye mafunzo ambayo kwa kweli yalikuwa adhabu ya kudhalilisha, na kwamba hofu ya adhabu hiyo huenda iliutawala moyo wa kijana yule katika dakika zake za mwisho. Sekunde themanini zilionekana kwake kuwa hatari kuliko kona.

Miaka kumi na miwili baadaye, tarehe 11 Desemba 2017, Nozomi iliondoka Hakata kwenda Tokyo. Baada ya Kokura wafanyakazi walisikia harufu ya kitu kinachoungua, kisha mlio usio wa kawaida. Mafundi walipanda njiani wakausikia mlio huo wenyewe. Fundi akadokeza kwamba chini ya treni pakaguliwe, lakini kati yake na chumba cha uongozi maneno hayakueleweka: huyu alidhani yule ataamua, na yule alidhani huyu haoni hatari. Treni ikaendelea kukimbia. Ilisimamishwa Nagoya. Hapo ikagunduliwa kwamba chuma kinachobeba magurudumu kilikuwa na ufa wa sentimeta 14, na zimebaki sentimeta 3 tu kikatike.

Siku ile hakufa mtu. Lakini Ndugu, tazameni jinsi hatari ilivyokuwa karibu. Hawakukosekana wenye masikio, wala wenye elimu. Alikosekana mtu mmoja wa kusema neno moja: simama. Baada ya tukio hilo kampuni iliwaagiza wafanyakazi wake kwamba wakiona jambo lisilo la kawaida wasimamishe treni bila kusita.

SOMO KWA WATUMISHI NA WALIMU

Mambo haya hayako mbali na Afrika Mashariki. Reli ya TAZARA ilijengwa kwa upana uleule wa milimita 1,067 uliokuwa wa Japani ya zamani. Na mwaka 2024 Tanzania ilianza kuwasafirisha abiria kati ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma kwa treni za umeme katika reli ya milimita 1,435. Chuma kinaweza kununuliwa na wahandisi wanaweza kusomeshwa. Desturi ya kazi haiji ndani ya makontena.

Desturi hiyo hujengwa maofisini na madarasani. Karani anayeona hesabu haikubaliani na stakabadhi, akanyamaza kwa kuwa bosi anataka ripoti ifike leo, anaendesha treni yenye ufa. Mwalimu mkuu anayewatisha walimu wake hadi wanaandika kwamba mada zote zimefundishwa, ilhali nusu ya darasa haijui kusoma, ametunza ratiba na kupoteza watoto. Na mkuu wa idara ambaye kila aletaye habari mbaya hutoka ofisini kwake na barua ya kujieleza, asishangae siku habari hizo zitakapoacha kumfikia. Zitakuwa bado zipo, ila atakutana nazo kwenye kona.

Hatuna budi kutunza wakati, maana kuchelewa ni kuwaibia wananchi. Lakini wakati utunzwe kwa kazi ya usiku, kwa vifungo vilivyokazwa, kwa hesabu zilizosemwa wazi tangu mwanzo, na kwa mfanyakazi wa chini kabisa mwenye hakika kwamba akisema "simama" atasikilizwa kwanza, maswali yafuate baadaye.