Uniti Zimejaa, Mbona Umeme Unakatika? Maelezo kwa Wakazi Kuhusu Vifaa vya Umeme Vinavyotoa Joto

(Maelezo yaliyotolewa na Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wakazi wa kata. Yamehaririwa kidogo kwa ajili ya jarida hili.)

 

Nimesimama hapa kwa sababu ya swali lililoulizwa na kikundi kimoja cha akina mama wenye saluni katika kontena. Waliuliza hivi: ikiwa tumenunua umeme na LUKU inaonesha uniti zipo, kwa nini umeme wa kontena letu unakatika kila saa tano asubuhi, wateja wakiwa vitini? Wengine walicheka. Mimi naona ni swali zito, na jibu lake linawahusu pia mama ntilie, mfugaji wa vifaranga, na kila anayetumbukiza hita kwenye ndoo ya maji alfajiri.

Niseme wazi kwamba mimi si fundi umeme. Kazi yangu ni habari. Haya nitakayoyasema nimeyapata kwa kukaa na mafundi wenye leseni, kwa kusoma vibandiko vilivyo nyuma ya vifaa, na kwa kuunguza mali yangu mwenyewe, kisa nitakachokisimulia baadaye.

Ndugu wananchi, sisi tunaoishi kando ya ziwa tunajua mtumbwi. Abiria wote wanaweza kuwa wamelipa nauli kamili, na mtumbwi bado ukazama, kwa sababu maji hayahesabu nauli; yanapima uzito. Waya wa umeme una tabia hiyohiyo. Uniti ni nauli: zinaonesha umelipia umeme kiasi gani. Hazimwongezei waya unene. Kinachoulemea waya ni wingi wa umeme unaopita kwa wakati mmoja, nao hupimwa kwa ampea. Ukinunua uniti mia mbili leo, waya wako ni uleule wa jana.

Hesabu yake haihitaji kalamu ya mhandisi. Kila kifaa kina kibandiko chenye wati. Jumlisha wati za vifaa vyote vinavyowaka kwa pamoja, kisha gawanya kwa 230, ambayo ndiyo volti ya umeme wa majumbani hapa nchini. Jibu ni ampea. Kwa kukadiria harakaharaka, kila wati 1,000 ni ampea nne na kidogo. Taa ya kisasa ya wati 9 haifiki hata sehemu ya kumi ya ampea moja, na redio, chaja ya simu na televisheni ni wepesi vilevile. Wazito ni jamii moja tu: vifaa vinavyotengeneza joto. Pasi, jagi la kuchemshia maji, hita ya ndoo, draya, jiko la sahani, mashine ya kukaangia chipsi. Jagi moja la wati 2,000 linakula umeme wa taa zaidi ya mia mbili za wati 9.

Turudi kwenye kontena letu. Saa tano asubuhi draya ya kofia inawaka, wati 1,000. Draya ya mkono inawaka, wati 1,800. Mteja wa tatu anasubiri kuoshwa, kwa hiyo jagi la wati 2,000 limewekwa. Jumla ni wati 4,800, karibu ampea 21. Umeme wote huo unapita katika ekstenshoni moja iliyovutwa kutoka nyumba ya jirani, yenye plagi ya ampea 13. Na joto ndani ya waya halipandi sawa na mzigo: mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Kwa hiyo katika ampea 21 plagi ile inapata joto zaidi ya mara mbili na nusu ya lile iliyotengenezwa kulivumilia.

Msitegemee kwamba fyuzi iliyo ndani ya plagi itawaokoa mara moja. Fyuzi ya ampea 13 haikatiki papo hapo ikipitiwa na ampea 20. Inaweza kuvumilia nusu saa au zaidi, na muda wote huo plastiki inalainika polepole. Umeme ukikatika kabla ya hapo, basi kuna sakiti breka mahali fulani imefanya kazi yake. Akina mama wale walidhani wanasumbuliwa, kumbe walikuwa wanalindwa.

Hapa niwaombe radhi, nitakaa kidogo, maana ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Sakiti breka ikiruka mara tatu kwa siku, mtu humwita kijana wa mtaani, naye huja na dawa: anaitoa ya ampea 20 na kuweka ya ampea 32, au ya 40. Kwenye maboksi ya zamani ya fyuzi hufungwa nyuzi mbili tatu za shaba, na nimesikia mpaka habari ya msumari. Umeme haukatiki tena. Wateja wanafurahi, fundi analipwa na kusifiwa. Lakini breka haikuwekwa ili kulinda draya. Iliwekwa ili kulinda waya ulio ukutani. Nyaya za soketi katika nyumba zetu nyingi zina unene wa milimita za mraba 2.5, na waya mmoja wa namna hiyo kwa kawaida hulindwa na breka ya ampea 20. Nyaya za taa ni nyembamba zaidi, milimita 1.5. Ukiweka breka ya ampea 40 juu ya waya wa 2.5, umeme hautakatika kabla waya haujaungua. Utaungua ndani ya dari, au nyuma ya mbao za kontena, mahali ambapo hakuna macho. Breka inayoruka inaleta ujumbe. Ukiutaka mzigo mkubwa, badilisha waya kwanza, breka ifuate.

Sasa kisa changu. Nilipokuwa napanga chumba, nilikuwa na soketi moja. Kila asubuhi nilichomeka ekstenshoni yenye matundu manne, nikaweka jagi na pasi kwa pamoja ili niwahi kazini. Ilichukua miezi. Kwanza plagi ikawa ya moto, nikaizoea. Kisha ikatoa harufu ya samaki waliooza, nikamlaumu jirani. Siku moja nikaichomoa, na nusu yake ikabaki ukutani. Harufu ile ilikuwa plastiki. Kwa hiyo nawaambia kama mtu aliyeonywa mara mbili asisikie: plagi isiyoshikika kwa joto, soketi yenye rangi ya kahawia pembeni, harufu isiyo na chanzo, na taa inayofifia jagi linapowashwa, yote hayo ni taarifa.

Jambo hili si la Magu peke yake. Kule Marekani watu husafiri na nyumba za magurudumu, ambazo ukiziangalia ni ndugu wa kontena letu: chumba chembamba, waya mmoja unaoingia kutoka nje. Zilizo nyingi huunganishwa na umeme wa ampea 30 kwa volti 120, yaani wati 3,600 kwa nyumba nzima. Hita moja ya kupasha chumba joto ni wati 1,500. Ukiwasha mbili umebakiwa na wati 600, na jagi likiwekwa kila kitu kinazimika. Wao hujifunza mapema kupanga zamu. Sisi hatuna baridi ya Makete ya kutulazimisha tuwashe hita ya chumba, ila hesabu ya zamu ni ileile, na ndiyo niliyowapelekea akina mama wale. Jagi lenye lita moja na nusu huchemka kwa dakika nne au tano hivi. Zima draya ya mkono, chemsha maji, yatie kwenye chupa ya chai, kisha washa draya. Mteja hatakimbia kwa dakika tano.

Ekstenshoni yenyewe ina mambo yake. Zile nyembamba za bei ya chini zimetengenezwa kwa simu na televisheni, joto haziliwezi. Iliyozungushwa kwenye gurudumu lake, ikunjueni yote kabla ya kuwasha kifaa kizito, kwa sababu waya uliojikunja hauna pa kutolea joto lake na huyeyuka kutokea ndani. Waya mrefu mwembamba pia hupunguza nguvu njiani. Ukivuta mita 40 za waya wa milimita 0.75 na kuupitishia ampea 10, volti karibu 19 zinapotea kabla ya kufika, na friji iliyo upande wa pili inateseka. Unaponunua, tafuteni nembo ya TBS, na mkiona waya ni mwepesi mno mkononi kwa unene wake, uacheni dukani.

Kontena lina hatari ya ziada: ni chuma kitupu. Tundu lililokatwa kwenye bati ili kupitisha waya lina makali ya kisu. Waya ukitikisika na upepo wa ziwa, ngozi yake huchanika, na kontena zima likawa na umeme. Tundu liwekwe mpira au bomba, na mwili wa kontena uungwe na waya wa ardhini, yaani eathi, pamoja na swichi inayokata umeme pale unapovuja. Kontena la biashara liombewe mita yake TANESCO, badala ya kuning'inia kwa jirani. Kazi ya nyaya ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Muombeni aioneshe, haoni aibu aliye nayo.

Kwa wafugaji nitasema machache. Taa nne za kupasha vifaranga, za wati 250 kila moja, ni wati 1,000 tu. Waya mzuri unaziweza, ingawa kwa usiku wa saa 12 zitakula uniti 12. Hatari yake ni maranda yaliyo chini. Taa ininginizwe kwa mnyororo au waya wa chuma, isiningʼinizwe kwa waya wake wa umeme, na kishikio kiwe cha kauri, maana cha plastiki hulainika na taa ikaanguka.

Upo pia Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, uliozinduliwa Mei 2024, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi kupikia ifikapo 2034. Naunga mkono kwa moyo wote. Moshi umewaumiza mama zetu vya kutosha. Ila jiko la umeme liingie katika nyumba iliyo tayari. Jungu la presha la umeme la wati 1,000 hivi linaweza kutumia soketi ya kawaida iliyo nzima. Jiko kubwa la sahani nyingi na oveni linahitaji waya wake peke yake kutoka kwenye boksi, mara nyingi wa milimita 6. Wenye kifaa cha UMETA, yaani Umeme Tayari, kilichobuniwa kwa nyumba ndogo zisizotandazwa nyaya, wamuulize fundi kabla ya kuchomeka chochote chenye joto.

Na umeme ukikatika huku pasi au hita imewashwa, ichomoeni hapo hapo. Utarudi usiku mmelala, au mmekwenda msibani. Moto ukitokea, zimeni swichi kuu kama inafikika, msimwage maji kwenye kitu chenye umeme, pigeni 114 kwa Zimamoto.

Mikopo ya asilimia kumi ya Halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu haina riba, lakini hurejeshwa. Draya ikiungua, marejesho hayaungui nayo. Kwa hiyo kikundi kinachoandika orodha ya vifaa vya kununua kiandike wati pembeni ya kila kimoja, na gharama ya waya iingie kwenye andiko tangu mwanzo. Ni rahisi kuiomba sasa kuliko kuitafuta baadaye.

Tukimaliza hapa, fundi tuliyekuja naye atakaa chini ya ule mwembe. Mliokuja na plagi na ekstenshoni zenu mpelekeeni azitazame, hatozi kitu. Akina mama wa saluni waanze, maana swali lilikuwa lao.