Shamba la Anathothi
Maneno kwa walimu na Wakristo katika mwaka wa yubile



Neno hili yubile limekuwa midomoni mwa watu wote mwaka huu. Hata watoto wa darasa la kwanza hulitaja, na wengine hudhani kwamba maana yake ni pilau na kanga mpya. Hatuikatai pilau. Lakini yafaa tujue neno lenyewe limetoka wapi. Katika kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 25, Waisraeli waliagizwa kuhesabu miaka saba mara saba, yaani miaka 49, na katika mwaka wa 50, siku ya kumi ya mwezi wa saba, baragumu lipigwe katika nchi yote. Hapo aliyeuza shamba lake kwa umaskini alirudishiwa, na aliyejiuza kwa ndugu yake alitoka huru pamoja na watoto wake. Basi tufikiri kidogo. Mtu aliyeuza shamba katika mwaka wa tatu alikuwa na miaka 47 ya kulingojea baragumu. Ikiwa aliliuza naye ni mtu mzima wa miaka 40, je, alitumaini kulisikia kwa masikio yake? Pengine sivyo, mwanawe ndiye atakayelisikia. Kumbe sheria yenyewe ya yubile ilimfundisha mtu kuitegemea ahadi iliyo ndefu kuliko maisha yake.

Katika sura iyo hiyo mna sheria nyingine, ya kwamba mtu akiuza shamba, jamaa yake wa karibu ana haki ya kulikomboa lisitoke katika ukoo. Sheria hiyo ndiyo iliyomfikia nabii Yeremia kifungoni. Twajua kwamba wengi wenu mlitazamia tuanze na Ibrahimu, kwa kuwa yeye husomwa sana panapotajwa ahadi. Tutamfikia. Lakini kwanza twendeni Yerusalemu.

Ilikuwa mwaka wa kumi wa mfalme Sedekia, yapata mwaka 587 kabla ya Kristo kwa hesabu ya wataalamu. Jeshi la mfalme wa Babeli lilikuwa limeuzunguka mji, na ndani ya mji mlikuwa na njaa na tauni. Yeremia alikuwa amefungwa katika ua wa walinzi, kwa sababu alisema waziwazi kwamba mji utatwaliwa. Siku moja akaja Hanameli mwana wa Shalumu, mtoto wa ami yake, akamwambia alinunue shamba lake lililoko Anathothi, maana haki ya kukomboa ni yake.

Anathothi ulikuwa mji wa kwao Yeremia, mwendo wa saa moja na zaidi kidogo kutoka Yerusalemu, na wakati huo nchi ile yote ilikuwa mikononi mwa adui. Hanameli, twadhani, hakuwa mjinga. Shamba halibebeki mtu akikimbia, bali fedha hufungwa katika ncha ya nguo. Tena watu wa Anathothi ndio waliokuwa wamekula njama zamani kumwua Yeremia asitabiri. Hakuwiwa wema nao. Na lililo kubwa kuliko hayo, Yeremia hakuwa na mke wala mtoto, kwa kuwa Mungu alimkataza kuoa katika mahali pale. Atanunua shamba, amrithishe nani? Mtu yeyote wa mitaa yetu akiletewa biashara ya namna hiyo atacheka, na sisi tutacheka pamoja naye.

Yeremia akanunua. Akampimia shekeli 17 za fedha, ambazo kwa uzani wetu hazifiki robo ya kilo. Ni fedha kidogo, lakini kwa mfungwa katika mji wenye njaa si kidogo. Na tazameni jinsi Maandiko yasivyofanya haraka hapa. Yaeleza kwamba aliandika hati, akaitia muhuri, akaweka mashahidi, akaipima fedha katika mizani. Zilikuwako hati mbili, moja iliyotiwa muhuri na moja iliyo wazi. Akampa Baruku mwana wa Neria mbele ya Wayahudi wote walioketi uani, akamwagiza azitie katika chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi. Sisi tuliopewa kazi ya kutunza daftari za ubatizo na za ndoa twaipenda sana sura hii, maana yaonyesha kwamba karani naye ana mahali pake katika ahadi za Mungu.

Lakini msidhani moyo wa nabii ulikuwa umetulia. Soma mbele kidogo. Alipokwisha kumpa Baruku hati, ndipo alipomwomba Mungu, na ndani ya sala yake mna mshangao mkubwa: mji umekwisha kutiwa mikononi mwa Wakaldayo, nawe umeniambia ninunue shamba! Alitii kwanza, akauliza baadaye, wala Mungu hakumkaripia kwa kuuliza. Akamjibu kwamba mashamba yatanunuliwa tena katika nchi hii, na hati zitaandikwa, na mashahidi watawekwa. Hakumwambia kwamba atayaona.

Wala hakuyaona. Mwaka uliofuata ukuta ukabomolewa, hekalu likateketezwa, na watu wengi wakachukuliwa Babeli. Yeremia mwenyewe alichukuliwa Misri na mabaki ya watu waliokataa maneno yake, na huko Maandiko yanamwacha. Kaburi lake halitajwi. Twapenda kusema kwamba mvumilivu hula mbivu. Yeremia alivumilia, asile. Yatupasa kulisema hili kanisani bila ya kulipunguza, maana wako katika mitaa yetu wazee walioomba jambo moja tangu ujana wao, nao wanakaribia kufa halijatokea, na sisi walimu huwatuliza kwa mithali.

Sasa chukueni kitabu cha Ezra, sura ya 2. Ni sura ya majina na hesabu tu, na msomaji wa kanisani akipewa kuisoma hujuta. Ni hesabu ya watu waliorudi kutoka Babeli baada ya Koreshi, mfalme wa Uajemi, kuwapa ruhusa, yapata mwaka 538 kabla ya Kristo. Katika mstari wa 23, katikati ya miji mingine, wamo watu wa Anathothi, nao ni 128. Imepita miaka kama 50 tangu shekeli zile 17 zipimwe katika mizani. Nani katika wale 128 aliyeshika jembe katika shamba lile, hatukuambiwa. Wala hatujui kama mtu yeyote alikiona tena kile chombo cha udongo. Twajua tu kwamba walifika.

Palikuwa na nabii mwingine siku za Yeremia, jina lake Hanania, aliyependwa na watu kwa sababu alitaja muda mfupi. Aliivunja nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia, akasema kwamba kwa miaka miwili vyombo vyote vya hekalu vitarudi. Yeremia akaitikia Amina, kwani hata yeye angependa iwe hivyo. Lakini neno alilopewa ni miaka 70, naye akawaandikia wale waliokwisha kuchukuliwa Babeli wajenge nyumba wakae, wapande bustani wale matunda yake, waoe na kuozesha, wauombee heri mji wa adui zao. Hanania akafa mwaka uo huo. Ndugu zetu, wakija watu mitaani mwenu wakiwatajia tarehe ya baraka, na hasa wakitaka fedha kwanza, mkumbukeni Hanania.

Sasa tumfikie Ibrahimu. Alitoka Harani naye ana miaka 75. Isaka alizaliwa naye ana miaka 100. Hiyo ni miaka 25 ya kungoja, na katikati yake pana jambo ambalo twaomba wanaume wa kanisa walisikilize kuliko karamu. Baada ya miaka kumi katika nchi ya Kanaani, Sara alichoka. Akampa Ibrahimu mjakazi wake Hajiri, Mmisri, ili apate mtoto kwa njia hiyo. Ishmaeli akazaliwa, na Ibrahimu ana miaka 86. Walitaka kuisaidia ahadi. Aliyelipa ni Hajiri. Alionewa akiwa mja mzito hata akakimbilia jangwani, na baadaye, Isaka alipokwisha kuachishwa ziwa, alifukuzwa na mwanawe, naye amepewa mkate na kiriba cha maji tu. Mungu alimwona mara zote mbili. Lakini Ibrahimu, baba wa imani, aliamka asubuhi na mapema akamtwika kile kiriba begani.

Tumeona mambo haya kwetu. Tumeona mabinti waliofunga ndoa mbele ya madhabahu wakirudishwa kwa wazazi wao baada ya miaka mitatu au minne kwa kuwa hawajazaa. Tumeona mume Mkristo akiweka mwanamke mwingine kando, kwa shauri la mama yake na shangazi zake, na wote wakisema kwamba Mungu naye ataka ukoo usikatike. Tumeona mke akipelekwa kwa mganga usiku na kuletwa kanisani asubuhi. Mtu wa namna hiyo hasemi kwamba ameacha kumwamini Mungu, asema anamsaidia. Basi na aulize kwanza ni nani atakayekuwa Hajiri katika shauri lake, maana kila mara yuko.

Tena sisi walimu tuna kosa la upande wa pili, na pengine ni baya zaidi kwa kuwa lavaa kanzu ya dini. Mama aliyefiwa, au kijana asiye na kazi, akija kwetu na shida yake, twamwambia angoje wakati wa Mungu, kisha twaenda kula. Neno la kweli limefanywa kifuniko cha chungu. Tazameni Yusufu. Aliuzwa naye ana miaka 17, akasimama mbele ya Farao naye ana miaka 30, na katikati alikuwa mtumwa, kisha mfungwa. Je, alinyamaza tu? Alimwomba yule mnyweshaji wa mfalme amtaje kwa Farao ili atolewe gerezani. Kuomba msaada hakukumwondolea imani. Na mnyweshaji alimsahau miaka miwili mizima. Mungu aliutumia usahaulifu ule, hilo ni kweli. Lakini mtu yule mwenyewe alipokumbuka alikiri mbele ya Farao kwamba amekosa. Anayengoja ni mmoja, na anayemsahau ni mwingine, na mara nyingi sisi tu upande wa mnyweshaji.

Nchi zetu hizi nazo zina mashamba ya namna ya lile la Anathothi. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka uo huo akamzika mkewe na mtoto wao mchanga. Mwenzake Johannes Rebmann alimfuata mwaka 1846, akakaa katika nchi hii miaka 29, hata macho yakapofuka, naye aliwaona wabatizwa wachache tu. Krapf alikusanya maneno ya Kiswahili kwa miaka mingi. Alifariki mwaka 1881, na kamusi yake ikapigwa chapa mwaka 1882. Askofu Edward Steere, aliyejenga kanisa kuu la Unguja mahali palipokuwa soko la watumwa, alifanya kazi kubwa ya kutafsiri Maandiko. Alifariki mwaka 1882, na Biblia nzima ya Kiswahili ikatoka mwaka 1891. Walitia hati katika chombo, wakaondoka. Na pamoja nao walikuwako watu wa kwetu walioketi nao mezani wakiwasahihisha maneno, ambao wengi wao majina yao hayakuandikwa popote.

Kwa ajili ya hao twaleta ombi letu. Kabla mwaka huu wa yubile haujaisha, kila mtaa na uchague mwalimu mmoja mwenye mwandiko mzuri, akaketi na wazee wetu wangali hai, aandike ni nani aliyetoa kiwanja cha kanisa, ni nani aliyechoma matofali, mama yupi alipika chakula cha waashi, na ni jambo gani waliloliomba siku zile ambalo halijafika. Hilo la mwisho msiliache kwa aibu. Ziandikwe nakala mbili, moja ikae mtaani iliyo wazi ili watu wasome, na moja iletwe kwa Askofu, ifungwe na kuwekwa katika sanduku la dayosisi. Walimu wasio na daftari waje kwetu baada ya ibada, tumekwisha kuzinunua.