Parti ndogo inaishi namna gani? Maneno tuliyosema mbele ya vijana



Kila uchaguzi tunasikia ulizo moja: juu ya nini inchi iko na parti zaidi ya 900, na kwa Bunge tunaona sura zile zile? Wengi wanajibu ni roho mbaya ya wanasiasa. Inawezekana. Lakini kuko pia hesabu, na hiyo hesabu sisi vijana hatuijue.

Tuangalie PALU ya mzee Gizenga. Haikuwa parti ya mfukoni. Ilikuwa na watu wake, zaidi zaidi kule Bandundu, na neno lake: Lumumba. Mwaka 2006 mzee alitoka wa tatu kwa uchaguzi wa raisi, na 13%, parti ikapata wadepite 34. Kabila na Bemba wakaenda duru ya pili, kila mmoja akitafuta zile sauti. PALU ikaenda kwa Kabila. Malipo: Gizenga akawa waziri mkuu, kisha Muzito. Kufika 2011, wadepite wakabaki 19. Sisi tunaona hivi: mudogo akiingia nyumba ya mukubwa, anabeba pia madeni ya mukubwa, na mwenye kumuchagua haone tena tofauti iko wapi.

UDPS ilifanya kinyume. 2006 ilikataa uchaguzi, ikabaki bila depite, lakini jina ikalilinda. Januari 2019 mutu wake akaapa kuwa raisi. (Namna alifika pale, ni habari ya siku ingine.)

Katikati hapo, Desemba 2017, sheria ya uchaguzi ikaleta kizingiti. Listi isiyofikisha 1% ya sauti za inchi nzima haiingie kwa kugawa viti vya Bunge la taifa. Mwaka 2023 watu karibu milioni 18 walichagua. Hesabu mwenyewe: unahitaji karibu sauti 180,000. Sasa waza parti yenye watu wake wako Masisi na Rutshuru. Mwaka ule kule hawakuchagua, juu ya vita. Hiyo parti itatoa wapi 180,000?

Wakubwa walipata dawa, inaitwa mozaiki: parti kubwa inajizungusha na miungano mingine, kila moja na jina lake na listi zake. Lakini kila moja inapaswa kufikisha 1%, kwa hiyo inatafuta majina ya kujaza listi kila pahali.

Hapo ndipo wanakuja kwetu, sisi wenye diploma na bila kazi. Wanakuambia: watu wa kartiye wanakujua, weka jina. Unaleta sauti 400 za jamaa, za kanisa, za avenyu. Wewe haupite. Zile 400 zinaingia ndani ya mufuko wa 1%, na kiti anakaa mwingine, pengine mutu haujamuona hata siku moja. Hakuna sheria umevunja, na yeye pia.

Hatusemi kizingiti kiondolewe. Bunge la depite mumoja mumoja linanunuliwa vyepesi. Tunaomba kihesabiwe kwa jimbo, hapana kwa inchi nzima, ili mwenye watu wa kweli pahali pamoja asifutwe.

Na kama wamekuletea fomu, uliza kwanza: listi ni ya muungano gani, nani wengine wako juu yake hapa kwetu, na kosyo analipa nani?

Sasa maulizo yenu.