Akili Haingoji Nukta



Tunaposoma, akili haingoji nukta. Kila neno likifika, huliunga na yaliyotangulia. Tutazame: "Gunia la kahawa lililolowa." Tukifika kwenye "lili", tumeshajua kinachozungumziwa ni gunia. Lakini "gunia la kahawa iliyolowa", hapo ni kahawa yenyewe. Silabi mbili tu, hasara nyingine kabisa!

Kwa watu hatusaidiwi hivyo. Barua ikisema, "Njooni mumwone mama wa mtoto aliyelazwa," mgonjwa ni nani? Akili hushika jibu moja upesi, tukasahau la pili. Basi turudie mstari, tuulize kabla ya kufunga safari. Nasi tukiandika, tuseme wazi: "Mtoto amelazwa. Mama yake anawasubiri."

Kusoma si kutamka tu, jamani. Ni kuelewa.