Siti ya Pikipiki kwa Mpanda Mfupi

Msikilizaji, pale stejini Naro Moru, kando ya barabara ya Nyeri kwenda Nanyuki, utamwona dada mfupi ameshikilia bodaboda kwa ncha za vidole vya miguu. Abiria akijitikisa tu, wote chini.

Kama nawe miguu haifiki chini, kabla hujagusa springi, anza na siti. Fundi wa kushona viti aondoe kava, apunguze sponji, na hasa achonge kingo za mbele karibu na tangi. Huko ndiko mapaja hupanuka na kuiba urefu wa mguu. Siti nyembamba hufikisha unyayo chini hata kama kimo chake hakijabadilika sana. Asichonge hadi ukakalia bati, maana njia ya kupanda lango la Hifadhi ya Mlima Kenya haina huruma na kiuno.

Baada ya siti, njoo kwenye springi. Shokamzoba za nyuma nyingi zina pete ya ngazi inayoikaza springi. Ukiilegeza pete hiyo, pikipiki hushuka kidogo nyuma. Lakini ukibeba abiria na gunia la viazi, tairi inaweza kusugua madigadi, kwa hiyo ikaze tena kabla ya kubeba.

Wengine hufunga shokamzoba fupi. Hapo stendi ya pembeni inabaki ndefu mno: pikipiki husimama wima, upepo mdogo unaiangusha. Stendi ikatwe na kuchomelewa upya, ulegevu wa cheni upimwe, na taa ya mbele ishushwe, kwa sababu nyuma ikishuka, mwanga hupanda machoni mwa madereva wa matatu wanaotoka Kiganjo.